Siagi ya karanga au juisi ya chungwa: kipi kinamjenga mtoto?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, anakula kwa shida na kadi ya kliniki inaonyesha uzito haupandi. Mama mkwe anasema nimpe juisi ya machungwa kwa wingi imwongezee damu. Jirani yangu anasema nimtilie siagi ya karanga kwenye uji. Kipi kina virutubisho zaidi? – Mama, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa mtoto ambaye uzito wake haupandi, namuunga mkono jirani yako. Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga, yapata gramu 32, vina kalori zipatazo 190 na protini gramu 7. Glasi nzima ya juisi halisi ya machungwa, mililita 250, ina kalori kama 110, karibu zote za sukari, na protini haifiki gramu 2. Tofauti kubwa inaletwa na mafuta, ambayo ni kama nusu ya uzito wa siagi hiyo. Tumbo la mtoto ni dogo. Linataka chakula kidogo chenye nguvu nyingi. Ndiyo maana Plumpy'Nut, chakula dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali, hutengenezwa kwa karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500.

Mama mkwe naye asikilizwe. Chungwa lina vitamini C, ambayo karanga hazina. Madini chuma yake ni kidogo mno kuongeza damu, ila vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma ya karanga, maharage na mboga za majani. Basi mpe chungwa papo hapo anapokula, tena tunda lenyewe lililotolewa kokwa. Akinywa juisi kabla ya chakula hushiba maji na sukari, ukileta uji anageuza uso. Kwa umri wake isizidi mililita 120 kwa siku. Juisi za unga wa pakiti usizihesabu kabisa.

Sasa karanga zenyewe, na hapa nakuomba uwe mkali. Kabla ya kukaanga, zimwage kwenye ungo penye mwanga, uzichambue moja moja. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu wa kijani au njano. Hizo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 huko kwenu Dodoma, na Manyara pia, watu waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ulizozitoa usiwape hata kuku. Usinunue chenga za bei ya chini eti kwa kuwa zitasagwa.

Anza na robo kijiko cha chai cha siagi. Ukiona vipele, midomo kuvimba au anahema kwa shida, mkimbize hospitali. Akiipokea vizuri, koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha uji mpaka kiyeyuke. Usimpe bonge la siagi wala karanga nzima, atapaliwa.

Hata hivyo, usikae nyumbani ukisubiri siagi ifanye kazi. Minyoo, malaria na kifua kikuu pia huzuia uzito kupanda. Mrudishe kliniki wiki hii, na kadi yake mkononi.