Mashauri Kabla ya Majeshi Kuvuka Mpaka

SUALI: Dola itakapo kupeleka askari wapigane katika nchi ya watu wengine, je, yatosha mtawala kuamuru, au yampasa kwanza awaulize mawakili wa raia?

JAWABU: Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa suali hili lina mawili ndani yake, na wengi hulijibu la kwanza wakalisahau la pili. La kwanza ni kuuliza. La pili ni kuwapa waulizwao khabari ya kweli, na kuwauliza wakati ungalipo. Kwani aulizwaye kwa khabari isiyo thabiti hakushauriwa, bali amefanywa shahidi wa jambo asilolijua.

Natutwae mfano wa Waingereza, kwa kuwa mambo yao yameandikwa yakasomwa. Kwa ada yao ya kale, amri ya vita ni haki ya ufalme, nayo hutumiwa na Waziri Mkuu. Hapana sharia imlazimishayo kutaka idhini ya Bunge. Hata hivyo mwaka 2003 Tony Blair alipeleka Bungeni hoja ya kuingia Iraq pamoja na Marekani. Tarehe 18 Machi ikapigwa kura: 412 wakakubali, 149 wakakataa. Robin Cook, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alikuwa amekwisha jiuzulu siku moja kabla, akasema mbele ya wenziwe kwamba yamkini Iraq haina silaha za maangamizi kama watu wazijuavyo.

Mwenye kutazama hesabu ya kura atasema mashauri yalitimia. Lakini tazama waliloambiwa. Waraka wa serikali wa Septemba 2002 ulisema kwamba Iraq ina silaha za sumu, na kwamba baadhi yake zaweza kuwa tayari kwa dakika 45. Silaha hizo zikatafutwa zisionekane. Tena siku ya kura maelfu ya askari walikuwa wamekwisha wasili Kuwait, hata mbunge wa kukataa akawa kama amwambiaye mtu ashuke chomboni na tanga limekwisha pandishwa. Tume ya Sir John Chilcot, katika ripoti yake ya tarehe 6 Julai 2016, ilisema kwamba vita viliingiwa kabla ya njia za amani kwisha, na kwamba khabari za hatari zilitolewa kwa yakini isiyostahili. Askari 179 wa Kiingereza walikufa. Ama watu wa Iraq, ambao hapana aliyewauliza, wao walikufa kwa makumi ya maelfu, na zaidi.

Madhara ya khabari ile hayakuishia Iraq. Tarehe 21 Agosti 2013 watu kwa mamia waliuawa kwa sumu huko Ghouta, kando ya Damascus. David Cameron akaliita Bunge kutoka likizoni, na tarehe 29 wabunge 285 wakakataa, 272 wakakubali. Akatii. Katika mjadala ule yeye mwenyewe alikiri kwamba mambo ya Iraq yameharibu imani ya watu. Basi waliosema kwamba Bunge limewaacha watu wa Sham na sumu yao, neno lao si jepesi, wala mimi silitupi. Sumu ilitumiwa tena Khan Shaykhun mwaka 2017. Lakini lawama isiwaangukie waliotaka dalili peke yao. Amana iliyohitajiwa mwaka 2013 ilikuwa imekwisha liwa mwaka 2003.

Kisha tarehe 14 Aprili 2018 Theresa May akaamuru Syria ipigwe bila ya kuliuliza Bunge, akitoa hoja ya haraka na siri. Hoja hiyo ina nguvu kwa aliyevamiwa nyumbani mwake. Kwa aendaye nyumba ya mwenzake ni dhaifu.

Na aonaye kwamba mashauri yakileta msiba heri yaachwe, na akumbuke Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliona bora kubaki Madina. Wengi wakapenda kutoka, naye akatoka nao, wakafa mashahidi wapatao 70. Baada ya msiba ule ndipo ilipoteremka aya ya 159 ya Surat Al-Imran, imwamrishayo awasamehe na awashauri.

Kwetu pwani ya Kenya jambo hili si la mbali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 95, yalipa Bunge la Taifa idhini ya tangazo la vita. Na kifungu cha 240 chataka kauli ya Bunge majeshi yapelekwapo nje kwa kazi ya amani au ya msaada. Majeshi yaliingia Somalia Oktoba 2011. Hoja ya kuyatia katika jeshi la Umoja wa Afrika ilifika Bungeni Disemba, na mbunge aliyesimama kuijadili siku ile aliwajadili askari waliokwisha vuka.