Kulinda Data Penye Kidhibiti Kimoja

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo vipimo vya shamba la majaribio, yawe ya mahindi huko Uyole, Mbeya, au ya chai huko Ngwazi, mkoani Iringa, vikipotea havipatikani tena. Mtafiti hana budi kungoja mwaka mzima, na mvua ya mwaka huo haitakuwa ile ya kwanza. Kwa kuwa siku hizi vipimo hivyo huwekwa katika kompyuta, yafaa tujiulize vinalindwaje.

Kazi ya kidhibiti

Kati ya kompyuta na diski huwapo kifaa kiitwacho kidhibiti. Hiki hupokea data, huamua ziandikwe wapi, na huzisoma zinapotakiwa. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski kadhaa za bei nafuu ziwezavyo kuunganishwa ili moja ikifa data zisipotee. Mitambo ya gharama kubwa huongeza kidhibiti cha pili, kishike kazi cha kwanza kinaposhindwa. Mitambo midogo huwa na kimoja tu. Ni sawa na ghala lenye magunia yaliyopangwa vema, lakini lenye mlango mmoja: mlango ukikwama, chakula kimo ndani na watu wanalala njaa.

Hatari zake

Kwanza, ili kwenda upesi, kidhibiti huweza kuziweka data katika kumbukumbu yake ya muda na kuiarifu kompyuta kwamba zimekwisha andikwa. Umeme ukikatika wakati huo, data hizo hutoweka. Pili, kidhibiti kibovu huweza kuandika makosa katika diski zote kwa pamoja. Tatu, kikifa, mara nyingi diski hazisomeki ila kwa kidhibiti cha aina ile ile.

Kinga

1. Ikiwa kumbukumbu ya muda haina betri yake, kidhibiti kiamriwe kuandika moja kwa moja kwenye diski. Kasi itapungua, lakini data zitasalimika.

2. Mtambo uwekewe betri ya akiba itakayouzima kwa utaratibu umeme unapokatika.

3. Kidhibiti cha aina ile ile kinunuliwe mapema na kutunzwa. Au diski ziunganishwe kwa programu ya kompyuta yenyewe, ili zisomeke katika mashine nyingine.

4. Nakala ihifadhiwe mbali. Mbeya na Iringa zimeachana kwa kiasi cha kilomita 330 za barabara. Radi moja haiwezi kuipiga miji yote miwili. Kila mji waweza kumtunzia mwenzake. Nakala yenye habari za watu, kama wagonjwa, ifungwe kwa maandishi ya siri, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka habari hizo zilindwe.

Hatimaye, nakala ijaribiwe. Kila Oktoba, kabla ya mvua na radi kuanza, mhusika aichukue, aifungue katika kompyuta nyingine, na alinganishe tarakimu zake na daftari la shambani. Daftari hilo nalo lisitupwe.