Mazoezi ya Nyonga kwa Wazee Wanaoshindwa Kuzuia Mkojo

Kushindwa kuzuia mkojo si sehemu ya lazima ya uzee. Hata hivyo, wengi hulificha tatizo hili: mmoja huacha kwenda ibadani, mwingine huogopa safari ya gari kutoka Matema hadi Kyela mjini. Kwa hiyo mhudumu wa afya ndiye aanze kuuliza, faraghani na kwa heshima: “Shikamoo, mama. Je, mkojo hukutoka unapokohoa au kuinua mzigo? Au hukubana ghafla ukakutoka kabla hujafika chooni?”

Maswali hayo hutenganisha aina mbili kuu. Ya kwanza hutokana na udhaifu wa misuli ya sakafu ya nyonga, inayokibeba kibofu na kusaidia kufunga njia ya mkojo. Uzazi, kikohozi cha muda mrefu na kuinua mizigo mizito, kama magunia ya mpunga, huchangia. Katika aina ya pili, kibofu hujikaza kabla ya wakati. Baadhi ya wazee huwa na zote mbili.

Pima kwanza

Kichocho cha mkojo kipo Kyela, na huweza kuleta haja ya mara kwa mara na maumivu. Tiba yake ni prazikwanteli, si mazoezi. Pima pia maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na, kwa wanaume, tezi dume. Mama anayetiririkwa na mkojo mchana na usiku tangu alipojifungua achunguzwe fistula. Damu katika mkojo, homa, kushindwa kabisa kukojoa, au ganzi ya ghafla miguuni huhitaji hospitali bila kuchelewa.

Namna ya kufanya

1. Kojoa, kisha keti au lala chali ukiwa umekunja magoti.

2. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa ya tumboni kwa pamoja. Tumbo, mapaja na makalio yatulie; pumua kama kawaida.

3. Shikilia kwa sekunde 3, kisha legeza kwa muda uleule. Rudia mara 8, na ufanye hivyo mara 3 kila siku. Nguvu zikiongezeka, fikia sekunde 10.

4. Kaza misuli kabla ya kukohoa au kujitwisha ndoo.

Usijizoeze kukata mkojo katikati. Haja ikikubana ghafla, tulia, kaza misuli mara kadhaa, kisha nenda chooni bila kukimbia.

Usijinyime maji, hasa katika joto la Kyela: mkojo uliokolea hukichokoza kibofu. Punguza chai, na usinywe sana saa mbili kabla ya kulala.

Mazoezi haya, yaliyoenezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel tangu mwaka 1948, hayaleti nafuu kwa wiki moja. Yaendelezwe kwa angalau miezi 3. Mhudumu ampangie mzee tarehe ya kurudi, ahakikishe kuwa anakaza misuli inayostahili, na ampe rufaa iwapo hali haijabadilika.