Je, kiharusi kimo katika damu yetu?

Swali: Daktari, mimi ni wa Kabambare. Baba na shangazi yangu wote walipooza upande mmoja. Jirani anasema damu ya watu weusi ndiyo mbovu. Ni kweli?

Jibu: Hapana, mama. Marekani, utafiti uitwao REGARDS ulionyesha namba ya juu ya presha ikipanda kwa 10, hatari ya kiharusi huongezeka 8% kwa weupe, 24% kwa weusi. Lakini rangi haipasui mshipa. Presha iliyokaa miaka bila dawa ndiyo huuharibu, na kwetu wengi hupimwa wakiwa wameshaanguka. Ukoo, kweli, una mchango. Kwa hiyo kapimweni presha, wewe na ndugu zako, hata kama hamuumwi. Ikirudia kufika 140/90, mwone muuguzi. Dawa ukipewa, usiiache kwa sababu umejisikia vizuri.