Ukitenganisha bodi za saketi, linda mapafu yako na mtoto wako

Majuzi fundi mmoja kijana alinijia kliniki akijikuna mikono kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Macho yalikuwa mekundu na kikohozi kikavu hakikumpa usingizi. Alikuwa amebadilisha sabuni na kumeza dawa za mzio bila nafuu. Nilipomuuliza kazi yake, alisema hukata bodi za saketi kwa grinda katika chumba kisicho na dirisha.

Msomaji, bodi ya saketi ni kile kibao, mara nyingi cha kijani, unachokiona ukifungua redio. Kiwandani, bodi nyingi hutengenezwa pamoja katika bamba moja, kama stempu katika karatasi moja, kisha hutenganishwa. Bodi ya tabaka nyingi huwa na shaba nyembamba iliyobanwa kati ya nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo epoksi.

Vumbi hilo linadhuru vipi?

Ukikata bamba kwa grinda, kioo hicho hugeuka vumbi. Nyuzi zake hudunga ngozi na kuwasha macho na koo. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Epoksi nayo huweza kuleta mzio wa ngozi. Zaidi ya hayo, baadhi ya bodi hupakwa lehemu yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Kijana huyu alikuwa akifika nyumbani na ovaroli yake ya kazi na kumpakata mtoto wake wa miaka miwili.

Ufanye nini?

Njia salama ndiyo pia iliyo rahisi: vunja badala ya kusaga.

1. Unapoagiza bodi, omba bamba lichongwe mifereji pande zote mbili, ibaki kama theluthi moja ya unene katikati. Linganisha mfereji na ukingo wa meza, kandamiza bamba kwa ubao, kisha vunja polepole.

2. Ikiwa bodi zimeshikana kwa vipande vidogo vyenye matundu, vikate kwa koleo ya kukatia nyaya. Vaa miwani ya kujikinga, kwa sababu vipande huruka.

3. Bamba tupu lisilo na mifereji, likwaruze kwa kisu kikali na rula ya chuma, pande zote mbili, mara nyingi. Libane kwenye jiriwa kati ya mbao mbili, ulivunje. Pitisha mstari mahali pasipo na shaba, kwani tabaka za ndani zikigusana bodi itapiga shoti.

4. Bodi yenye vipuri karibu na ukingo usiipinde. Kapasita za kauri hupasuka ndani bila wewe kuona. Ikate taratibu kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo, mahali penye hewa.

Kingo za bodi tupu zilainishe kwa msasa wa maji, ukiwa umelowa. Usipulize vumbi wala usifagie. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi aina ya N95, maana leso haitoshi. Osha mikono kabla ya kula au kuvuta sigara. Ngozi ikiwasha, usiikune. Isuuze kwa maji yanayotiririka na sabuni. Vumbi likiingia jichoni, usilisugue. Lioshe kwa maji safi kwa dakika 15. Maumivu yakizidi, nenda hospitali.

Nguo za kazi zivue kabla ya kuingia nyumbani, na zifuliwe peke yake.

Kijana yule aliiacha grinda. Baada ya majuma matatu mikono ilikuwa imepona na kikohozi kimekwisha. Hata hivyo, nilimtaka amlete mtoto apimwe damu, kwa kuwa madini ya risasi huweza kukaa mwilini mwa mtoto bila dalili yoyote. Nawe ikiwa unafanya kazi hii na una watoto wadogo, mweleze daktari wako kazi yako kabla hajakuuliza.