Umenunua Vifaranga vya Samaki? Wachunguze Kabla ya Kuwamwaga Bwawani

Maelezo haya ni ya wakazi wa Majengo na mitaa mingine ya Nyeri wanaonunua vifaranga vya tilapia au kambare kwa bwawa au tangi la nyumbani.

Mbona vifaranga walikuwa wazima nilikowanunua Sagana, wakafa Nyeri?

Wengine husema wamerogwa au maji yana sumu. Mara nyingi sababu ni uchovu wa safari na baridi. Tilapia hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, kinga ya mwili hupungua, na magonjwa hupata mwanya. Uweke mfuko waliosafiria uelee majini kwa nusu saa, kisha utie maji yako ndani kidogo kidogo.

Nina haki gani kwa muuzaji?

Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na maelezo ya kweli. Omba kuwaona wakiogelea, uliza walizalishwa wapi, na udai risiti.

Niwamwage bwawani leo leo?

Hapana. Waweke karantini, yaani watenge katika tangi lao, kwa wiki 2 au 3, na wavu na ndoo za tangi hilo zisiguse bwawa. Tunasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote, kwa sababu kutibu tangi ni rahisi, kutibu bwawa zima ni vigumu mno.

Nitaujuaje ugonjwa?

Nyuzi kama pamba kwenye ngozi au mapezi ni kuvu, yaani ukungu. Vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi ni kimelea, kiumbe kidogo kinachoishi kwa kumla samaki. Wakihemea juu ya maji, huenda hewa imepungua. Badilisha sehemu ya maji kabla ya kufikiria dawa.

Chumvi inasaidia?

Ndiyo. Katika ndoo ya pembeni, koroga gramu 10 kwa kila lita ya maji, uwaogeshe dakika 10 ukiwatazama. Anayepinduka mtoe mara moja, hasa kambare, ambaye hana magamba ya kumkinga.

Vidoa vikitoweka, wamepona?

Bado. Kimelea kilichokomaa humwacha samaki, hushuka chini na kuzaa watoto wengi wanaotafuta samaki wengine. Dawa huwapata wakiwa majini tu, si wakiwa ndani ya ngozi, kwa hiyo tiba hurudiwa. Na katika baridi yetu mzunguko huo huchukua wiki kadhaa.

Nitumie vidonge vya binadamu, au ile dawa ya kijani?

Tafadhali usitumie. Dawa ya kijani, malakaiti, imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika nchi nyingi kwa kuwa hubaki kwenye nyama na inashukiwa kuleta saratani. Vidonge vya viuavijasumu bila ushauri huzalisha vijidudu sugu. Mwone afisa wa uvuvi wa kaunti, ukimpelekea samaki mgonjwa aliye hai ndani ya maji yake.

Vidoa vitawashika watoto wangu?

La, kimelea hiki hakiishi kwa binadamu. Nawa mikono kwa sabuni hata hivyo, na samaki aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asiuzwe.

Wagonjwa niwaachilie mtoni Chania?

Kamwe. Mito ya Aberdare ina trauti, ambao walianza kuletwa mwaka 1905, na kimelea hiki huwashika pia. Waliokufa wazike mbali na kisima na mto, kisha ulianike tangi likauke kabisa kabla ya kununua wengine.