Akiba ya nyumbani wakati vitu vinapoadimika

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hautazungumzia ugonjwa mmoja. Tutaingia stoo. Kila mara inaposikika redioni kwamba bei ya mafuta imepanda, au kwamba wenye maduka mjini wamegoma, watu hukimbilia dukani kununua chochote kilichobaki. Kwetu Shume jambo hili lina uzito wake, maana chumvi yetu na sabuni yetu hupanda mlima kutoka Mombo, na mvua kubwa zikiangusha udongo barabarani, hakuna gari linalopanda wala kushuka.

Wazee wanakumbuka hali iliyofuata vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni, sukari ya kugawiwa kwa kilo, na wako waliofulia nguo kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwasaka walanguzi na kutunga sheria ya uhujumu uchumi, baadhi ya watu waliogopa kukutwa na vitu ndani wakavitupa vichakani usiku. Waliopita miaka ile walitoka na imani moja: mwenye gunia ndani ndiye anayepona. Sisi tunasema imani hiyo ni kweli nusu. Gunia lililowekwa vibaya linaweza kuwadhuru watoto kuliko duka tupu.

Tuangalie upungufu wa miaka ya karibuni. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku chache hadi Waziri Mkuu alipokwenda kuwasikiliza. Juni 2024 waligoma tena, na mgomo ukafika miji mingine. Agosti 2023 bei ya petroli Dar es Salaam ilipanda kutoka shilingi 2,736 kwa lita hadi 3,199 kwa mwezi mmoja, na vituo vingine vikakauka. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilizuia kuvuna miwa, na sehemu nyingi kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000 kabla ya sukari ya nje kuingia. Ukitazama vizuri utaona kwamba misukosuko hii haikudumu kwa miaka kama ile ya zamani. Ilikuwa ya siku, ya wiki, pengine ya miezi michache. Kwa hiyo vitu vya dukani vinahitaji akiba ya wiki kadhaa tu. Chakula cha gunia ndicho kinachohitaji akiba ya miezi.

Tena kwetu upungufu una sura ya ajabu kidogo. Barabara ikikatika, watu wa Dar es Salaam hutafuta kabichi na karoti kwa bei ya kuruka, na huku zinaozea shambani. Tunakuwa na chakula mikononi lakini hatuna chumvi ya kukiungia. Basi cha kuweka ni kile ambacho shamba letu halitoi na mwili hauwezi kukikosa.

Chumvi kwanza

Sehemu za milimani mvua huosha udongo na kuondoa madini joto. Mwili ukiyakosa, shingo huvimba, ndiyo rovu wanalolikumbuka wazee wetu. Lakini rovu ni dogo ukilinganisha na madhara kwa mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito anayekosa madini joto anaweza kupoteza mimba, au kuzaa mtoto ambaye akili yake haitakua sawasawa maisha yake yote. Ndiyo sababu nchi yetu iliagiza, tangu miaka ya 1990, chumvi ya kula itiwe madini joto.

Wakati wa uhaba chumvi ya pakiti huisha dukani, na hapo hutokea mtu na gunia la chumvi ya mawe isiyojulikana ilikotoka. Msishawishike kwa bei yake. Kwa kweli akiba ya chumvi haihitaji fedha nyingi. Mtu mzima hatakiwi kula zaidi ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Familia ya watu sita basi haifikishi kilo moja kwa mwezi. Kilo tatu zinatosha miezi mitatu, hata wageni wakija. Iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke, wala isiwekwe juu ya meko kama tulivyozoea, maana joto na unyevu huyapunguza madini joto.

Mahindi na kuvu

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ndipo penye hatari kubwa.

Shume iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti jua ni la kuomba, na asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Mahindi yanayokauka Handeni kwa siku chache, kwetu hukaa wiki na bado yana maji. Ukiyatia kwenye gunia yakiwa hivyo, yanapata joto, yanaota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wachunguzi waliona kwamba chanzo ni mahindi yenye sumukuvu. Dodoma ni nchi kavu, jamani. Sisi wa milimani tuna sababu zaidi ya kujihadhari.

Kupika hakuondoi sumu hii. Ugali wake hauna harufu ya kukuonya kila mara. Na wengi husema, "Haya yaliyooza tutawapa kuku na ng'ombe, au tutayatia kwenye pombe." La hasha. Ng'ombe wa maziwa akila mahindi yenye sumukuvu, sumu hutoka kwenye maziwa, na anayekunywa maziwa yale ni mtoto wako. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye unga wa kijani au mweusi zichaguliwe na kufukiwa.

Namna ya kujua kama mahindi yamekauka ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Kausha chumvi kidogo kwenye kikaango, iache ipoe, tia vijiko viwili au vitatu ndani ya chupa. Ongeza mahindi mpaka kama nusu ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo au kwenye punje, mahindi bado yana maji: rudisha nje. Ikianguka yote chini, unaweza kuyahifadhi. Anikeni juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, na yaingizwe ndani kabla umande haujaanza.

Anayelima viazi na mboga, naye hununua mahindi, ni bora anunue mara baada ya mavuno ya kule bondeni, kabla bei haijaanza kupanda kuelekea masika. Familia ya wazazi wawili na watoto wanne hutumia karibu kilo mbili za unga kwa siku, hivyo gunia la kilo mia hukaribia siku hamsini, na zaidi kidogo kwa nyumba inayokula viazi na ndizi. Kaya nyingi haziwezi kulipia gunia zima kwa siku moja. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchangishana, kununua pamoja na kugawana kwa debe. Nauli ya gari nayo inagawanyika.

Mahindi ya kununua yanaweza kuja na dumuzi, yule mdudu aliyeripotiwa Tabora mwaka 1981 na watu wakampa jina la Scania. Mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya gunia, huua wadudu kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Ila lazima mahindi yawe makavu, na kila mfuko ufungwe peke yake kwa nguvu. Msiufungue kila jioni. Afadhali mifuko miwili ya kilo hamsini kuliko mmoja mkubwa, mmoja ukiliwa mwingine umefungwa.

Anayetumia dawa ya unga anunue ile ya nafaka peke yake, na asubiri siku zilizoandikwa kabla ya kula. Tunasisitiza, kwa sababu kila nyumba ya mkulima wa kabichi na viazi ina dawa kali za shambani. Dawa ya kupulizia mboga haichanganywi na mahindi wala maharage, hata kidogo.

Vitu vingine

Mafuta ya kula yaliyopanda sana mwaka 2022, wakati wa vita ya Ukraine, yalifanya watu wanunue madumu makubwa. Mafuta hayapendi mwanga. Yakikaa dirishani huchacha, na vitamini A iliyoongezwa hupotea. Wekeni gizani, tumieni la zamani kwanza.

Sabuni ya mche ikatwe vipande na kuachwa ikauke. Hutumika polepole kuliko mbichi. Hii ndiyo bidhaa tusiyoipunguza hata fedha ikibana, maana nyumba isiyo na sabuni huanza na upele na kuishia na kuhara. Sukari inaweza kungoja, ingawa mtatuchukia kwa kusema hivyo saa ya chai.

Viazi vyetu, soko likifungwa, vikae mahali penye giza na hewa. Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu inayoleta kutapika na maumivu ya tumbo. Kilicho kijani sana au kichungu kitupwe, na machipukizi yote yakatwe.

Mafuta ya taa, petroli na dawa za shambani visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haulizi. Akinywa mafuta ya taa au petroli, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni hospitali pamoja na ile chupa. Petroli haiwekwi ndani ya nyumba yenye moto, iwe imepanda bei au haikupanda.

Dawa na nauli

Mwaka 2012 madaktari waligoma, Januari na Februari, kisha tena Juni. Katika nyakati kama hizo watu hununua vidonge vya kuua vijidudu na kuviweka kabatini "kwa dharura". Hiyo si akiba. Vidonge vya mgonjwa mmoja haviwi vya mwingine, na nusu dozi hufundisha vijidudu kustahimili dawa. Nyumbani yatosha kuwa na panadoli, pakiti chache za chumvichumvi za kuharisha, vidonge vya zinki kwa watoto kama mlivyoelekezwa kliniki, kitambaa safi na sabuni. Chumvichumvi zikikosekana, chemsheni maji lita moja, yapoe, tieni nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na anyonye kama kawaida. Hapo ndipo sukari inapokuwa dawa, basi robo kilo ibaki kando. Mtoto akizidi kulegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, msingoje.

Wanaotumia dawa kila siku, za presha, kisukari, kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI, waende kuchukua nyingine wiki moja kabla hazijaisha, hasa masika. Kusimama siku chache kwa sababu barabara imekatika ni hatari kuliko kukosa sukari mwezi mzima.

Na kuna akiba isiyokaa ndani ya gunia. Petroli ikipanda, bodaboda hupanda siku ileile, na mwenye gari anaweza kukataa kushuka Lushoto usiku bila fedha mkononi. Kila nyumba yenye mama mjamzito iweke nauli ya kwenda hospitali tangu mwezi wa sita, kando kabisa, isikopwe kununulia unga wala mbolea. Namba za madereva wawili ziandikwe ukutani. Mama aliyewahi kupasuliwa, au aliyeambiwa kliniki kwamba mtoto amekaa vibaya, asingojee uchungu akiwa juu huku masika yamekolea; akakae kwa ndugu karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya siku zake, na kadi ya kliniki aende nayo.